Ukuta Usiosiribwa

Nilikuwa kwenye eda walipokuja kupima kiwanja cha zahanati. Ndiyo sababu niliona mengi na kusema machache. Kwetu mwanamke akifiwa na mumewe hukaa ndani, hazunguki kwa majirani wala haonani na wanaume wasio maharimu wake, nami nilikaa kama wenzangu walivyokaa kabla yangu. Nyumba yetu ni ya mwisho kijijini, ukingoni mwa mto, na kiwanja chenyewe kilikuwa ng'ambo ya ua wetu. Dirisha la chumba cha nyuma linatazama huko. Nilikuwa naketi pale na ukili wangu wa mkeka, nasuka huku natazama nje.

Kijiji chetu kimo ndani ya delta, upande wa Mbwera, na barabara yetu ni maji. Mgonjwa akizidiwa anapakiwa kwenye boti, anapitishwa vijito vya mikoko mpaka Nyamisati, na kutoka hapo anatafutiwa gari la kwenda Kibiti. Maji yakiwa yamejaa, safari inawezekana. Yakipwa, boti linakaa juu ya tope na hakuna wa kulaumiwa.

Mume wangu tumbo lilimshika asubuhi, maji yakiwa yameanza kutoka. Tulijua yanatoka, lakini tulidhani tutayawahi. Boti lilikaa kabla hatujafika mdomo wa kijito. Vijana waliteremka kusukuma wakazama mpaka mapajani, wakarudi ndani, tukakaa. Nilimtandia kanga juu kumkinga na jua. Alikata roho tukiwa tunangoja maji yarudi. Sina la kusema zaidi juu ya siku ile.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kata itajengewa zahanati mpya, na kwamba itawekwa ama kwetu ama kijiji cha ng'ambo ya mto, naamini hapakuwa na mtu aliyeitaka kwetu kuliko mimi. Hilo nalisema mwanzo ili yanayofuata yasieleweke vibaya.

Habari ya ujio wa wapimaji ilipofika, kijiji kizima kilishika kazi. Wageni wanakuja, na mgeni kwetu hakaribishwi kwenye uchafu. Wanaume walifyeka kiwanja chote mpaka udongo ukaonekana, wakachoma majani, wakaziba mashimo ya kaa kwa mchanga. Wanawake walifagia kuanzia bandarini mpaka msikitini. Kisha wakaanza kusiriba nyumba zote zinazotazama mto.

Hapo lazima nieleze jambo moja. Mafuriko ya mwisho yalipokuja, maji ya mto yalikutana na maji makubwa ya bamvua kutoka baharini, yakaingia ndani ya nyumba zetu na kukaa. Yaliporudi, udongo wa kuta ulikuwa umeyeyuka kuanzia chini mpaka pale yalipofika, fito zimebaki wazi kama mbavu. Kila mtu alikandika upya sehemu ya chini. Nyumba yetu mume wangu alikuwa ameikandika zamani kwa udongo mwekundu, aliouleta kwa boti kutoka bara, upande wa Mtunda. Baada ya mafuriko hakuwa na nafasi ya kuufuata mwingine, akatumia tope la kijivu la hapa hapa. Ukuta wetu ukawa na rangi mbili, nyekundu juu na kijivu chini, na pale zinapokutana alikandamiza kwa viganja ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Alama za viganja vyake zilibaki zimefuatana ukuta mzima, vidole vikielekea juu. Alisema kiangazi atausiriba uwe laini. Kiangazi kilipofika hakuwepo.

Wifi yangu, dada yake marehemu, alikuja na wenzake wawili, wamebeba ndoo za udongo laini.

"Wewe kaa," alisema. "Sisi tutakusiribia. Nyumba yako ndiyo ya kwanza kuonekana kutoka mtoni, na ina kiraka kama shuka la bachela."

Nikasema, "Acheni tu."

"Tuache? Wageni waje waone hivi?"

"Waone."

"Wifi, eda haikatazi ukuta kupendeza."

Wenzake wakacheka kidogo. Nikamwita ndani, nikamwambia kweli: pale kwenye kiungo pana mikono ya kaka yake, na mkisiriba mtaifunika. Alitoka nje. Nilimsikia anatembea taratibu kufuata ukuta. Kisha akawaambia wenzake, "Twendeni kwa jirani. Hapa patabaki."

Wageni walifika kesho yake. Walikuwa wawili. Mmoja mwanamke kijana, mfupi, amevaa buti za mpira na kujitanda mtandio. Yeye ndiye aliyesomea kuchora majengo, na watu wote walimwita injinia ingawa mwenyewe aliwaambia siyo. Wa pili mwanamume aliyebeba kijiti kirefu chenye namba na kifaa cha miguu mitatu. Mwenyekiti wa kijiji aliwaongoza mpaka kiwanjani, amevaa kanzu ya Idi.

Yule dada alipiga hatua chache, akasimama.

"Jamani, majani yako wapi?"

"Tumefyeka yote, injinia," mwenyekiti alisema kwa fahari. "Hata ukitafuta nyoka humpati."

"Na mashimo ya kaa?"

"Tumeziba. Tembea kwa amani."

Alijishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akacheka, si kwa dharau. "Mzee wangu, mmenifutia ubao kabla sijausoma."

Aliwaeleza kwamba majani yangemwonyesha ardhi ilivyo. Yapo yanayopenda chumvi na yapo yanayoikimbia, na kaa hachimbi mahali ambapo maji hayafiki. Yeye alikuja kuyaangalia hayo kwanza, kabla ya kufikiria nyumba. Watu walitazamana. Bibi mmoja akauliza, "Sasa tuyapande tena?" Kicheko kikavuma hadi kwangu.

Hata hivyo alifanya kazi. Nilimtazama mtu yule siku nzima na sikumwona akiketi bure. Alisimama na mchanga mkononi, akauacha udondoke aone upepo unaupeleka wapi, akauliza kusi inavuma vipi na kaskazi vipi. Aliuliza jua la alasiri linapiga upande gani. Alichimbisha shimo akaingiza mkono, akanusa udongo. Alipita njia zote ndogo ambazo watu wamezizoea, akauliza hii ya nani na ile inakwenda wapi, akisema kwamba jengo likiziba njia, watu watapita hata dirishani.

Jioni ilipokaribia aliomba machela. Alitaka aone mgonjwa anavyobebwa kutoka bandarini mpaka kiwanjani. Akatafutwa mtu wa kujifanya mgonjwa, akajitokeza muuza duka, mwenye kitambi.

"Mgonjwa gani huyu!" wanawake walipiga kelele.

"Mgonjwa wa pilau!"

"Mpakueni, atawavunja mabega!"

Wabebaji waliteleza ukingoni, machela ikalala upande, muuza duka akashika mti huku anamwita mama yake. Kiwanja kizima kilikuwa kikicheka. Mimi sikucheka, lakini sikuwachukia waliocheka. Yule dada naye alicheka, kisha akachora kitu kwenye karatasi yake, akarudi ukingoni pale walipoteleza na kupapima.

Ndipo alipouliza kuhusu maji.

"Mafuriko yaliyopita yalifika wapi hapa?"

Wakati huo kila mtu alikuwa ameshasikia kwamba ng'ambo ni juu kidogo kuliko kwetu. Mmoja akasema, "Kifundoni."

Mwingine akasema, "Labda gotini."

"Goti la nani?" aliuliza yule dada.

Watu wakamwangalia mwenyekiti, ambaye ni mrefu kuliko wote. Mwenyekiti akasema, "Goti la mtoto."

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Anayetambaa," alidakia mtu nyuma, na kicheko kikarudi. Yule dada hakuandika kitu. Aliketi juu ya gogo akatazama nyumba zetu, moja baada ya nyingine, zote zimesiribwa na kung'aa. Kisha akatazama ya kwangu, kwa muda mrefu. Nikajisogeza nyuma ya dirisha.

Wageni walipokwenda kupumzika, mwenyekiti alikuja kwangu. Alisimama nje ya mlango, akampa wifi maneno aniletee, ingawa tulisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie shemeji yangu, nampa pole tena."

"Amesikia, mwenyekiti. Ana eda, hana uziwi."

"Mwambie injinia anaweza kumtembelea kesho, wanawake kwa wanawake. Akiulizwa maji, aseme kifundoni. Mwambie sisemi kwa ajili yangu. Yeye anajua kuliko sisi sote kwa nini tunaitaka hii zahanati."

Wifi hakunifikishia. Alikaa tu akinitazama.

Nikasema, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia," wifi alisema.

"Alhamdulillahi," mwenyekiti alijibu, akaenda zake. Alidhani nimekubali. Mimi nilikuwa nimesema tu kwamba nimesikia, lakini ningekuwa mwongo nikidai kwamba nilikuwa nimekataa. Sikuwa nimeamua. Nilijua kwamba nikisema kweli, huenda zahanati ikaenda ng'ambo, na mtu mwingine wa kijiji hiki akatandiwa kanga juu ya tope. Nilijua pia kwamba nikisema uongo, watajenga chini. Watu wengine hupenda kusimulia walivyopima mambo haya mawili kama kwenye mizani. Mimi sikupima. Niliogopa tu, nikaendelea kusuka.

Asubuhi yule dada akapiga hodi. Alivua buti zake mlangoni, akaingia na soksi, akaketi mkekani bila kungoja kiti.

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Aliuliza mume wangu alikuwa mtu wa kazi gani, nikamwambia mpunga na uvuvi, na kuendesha boti anapoajiriwa. Aliuliza kama aliugua muda mrefu. Nikamwambia ilivyokuwa. Alitazama chini kwenye miguu yake, wala hakusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameniambia. Ni mapenzi ya Mungu, najua. Lakini nilishukuru kupumzika bila kulisikia.

Akaniuliza, "Mama, maji yakipwa kabisa, mto unabaki na nini hapa?"

"Bandari yetu yote inakuwa tope. Katikati pana mkondo haukauki. Mtumbwi unaelea."

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo mkondo unapita karibu na kwao."

Wifi, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, alianza kukohoa.

"Na mwaka ule wa mafuriko, hapa yalifika wapi?"

Wifi alikohoa tena, kikohozi cha mtu mzima kabisa. Mimi nilitaka kusema kifundoni. Neno lilikuwa mdomoni. Kilichonishinda ni kwamba nilikuwa nimeketi nimeegemea ukuta ule ule, na yule dada alikuwa anautazama. Kusema kifundoni ilikuwa ni kusema kwamba mume wangu alikandika ukuta ambao haukubomoka, kwamba alikesha kwenye tope siku zile kwa mchezo.

Nikamwambia, "Ukitoka nje utaona udongo wa rangi mbili. Chini ni mpya. Maji yalifika pale unapoishia. Mume wangu ndiye aliyeunganisha."

"Nimeuona jana," alisema polepole. "Nilikuwa sijui kama ni maji au ni pambo."

Alitoka. Nikamsikia nje anamwita mwenzake alete kile kijiti. Nilikuwa ndani, ukuta uko kati yetu, nikasikia mti unagusa udongo.

"Shika hapo zinapokutana rangi."

"Hapa pana alama za mikono," sauti ya mwanamume ilisema.

"Ndiyo. Usizifute."

Wifi aliacha ungo. Tulikaa tunasikiliza namba zikisomwa. Sikuzielewa, lakini nilielewa zilikuwa ndefu kuliko goti la mwenyekiti.

Yule dada alirudi kuniaga. Alisema ili jengo likae pale kwa usalama, sakafu yake ingepaswa kuwa juu ya alama ile, na udongo wa chini nao ni laini, hauwezi kubeba uzito bila misingi mirefu.

Nikamuuliza, "Basi haijengwi hapa?"

"Sijui, mama. Mimi naandika nilichokiona hapa na nitakachokiona ng'ambo. Wanaoamua ni wengine. Siwezi kukudanganya."

"Usinidanganye," nilimwambia.

Zahanati ilipelekwa ng'ambo. Habari ilifika nikiwa nimeshamaliza eda, na nilipoanza kutoka nje niliikuta imenitangulia. Hakuna aliyenitukana. Mwenyekiti aliendelea kuniita shemeji, ila alianza kusalimia akiwa anapita, bila kusimama. Kisimani mazungumzo yalikuwa yanahamia kwenye bei ya samaki na kamba nikifika. Wifi, ambaye alinikoholea vile, ndiye aliyekuwa akinitetea kwa sauti kubwa kuliko nilivyopenda.

"Mlitaka aseme kifundoni?" aliwaambia siku moja mbele yangu. "Haya, nani kati yenu alilala kwenye dari mwaka ule? Si wewe? Ulipanda dari kukimbia maji ya kifundoni?"

"Lakini tungeipata," mama mmoja alimjibu.

"Tungeipata," wifi alikubali, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli.

Maji hayajarudi kufika pale tangu wakati ule. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba zahanati ingekaa kwetu bila tatizo, nami sina cha kuwaonyesha kwamba wamekosea.

Nilivuka kwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza kwa ajili ya wifi. Alikuwa anavua kamba na wenzake maji yakiwa yamepwa, akamkanyaga samaki taa, naye taa akamchoma mwiba mguuni. Sumu ya taa ni kali, mtu mzima analia. Tulimlaza kwenye mtumbwi wetu, tukausukuma juu ya tope, mimi na mama yule yule aliyesema tungeipata, tukizama na kujichomoa. Wifi alikuwa analalamika njia nzima.

"Ungesema kifundoni saa hizi ningekuwa nimeshachomwa sindano!"

"Nyamaza, usijitikise."

"Sinyamazi! Ukweli wako huu ndio unanisukuma kwenye matope!"

"Basi shuka usukume wewe," mwenzangu alisema huku anahema, na wifi akacheka katikati ya kilio.

Tulifika kwenye mkondo, mtumbwi ukaelea, tukapiga kasia. Ng'ambo pana ngazi pana za zege zinazoshuka mpaka majini, na pembeni yake njia ya mteremko, bila ngazi, ya kupitishia machela. Nilipoiona nilikumbuka muuza duka alivyoshika mti. Jengo lenyewe limeinuliwa, baraza limeligeuzia mgongo jua la alasiri, na upepo wa kusi unapita ndani bila kuombwa. Benchi la kungojea limewekwa pale ambapo mtu anaona boti zinazokuja. Sidhani kama wagonjwa wanayaona haya. Mimi niliyaona kwa sababu nilimwona akiuliza.

Wifi aliwekwa mguu kwenye maji ya moto, akachomwa sindano, akaanza kumtania mganga. Nikatoka nikaketi kwenye benchi.

Kutoka pale nyumba yetu inaonekana vizuri. Sijausiriba ukuta. Baada ya eda wifi aliniuliza mara moja, nikasema bado, hakuuliza tena. Masika kadhaa yamepita, mvua inayopiga ukuta kwa ubavu imeshazifuta alama nyingi, na ukisogea karibu utakuta viganja vichache tu chini ya upenu. Rangi mbili bado zipo. Kwa mbali, ukiwa ng'ambo, mikono huioni kabisa. Unaona mstari.

Maji yalikuwa yamepwa kabisa, kama siku ile. Nilitazama tope la bandari yetu, nikatazama alama ya mtumbwi tuliouburuta, kisha mkondo, kisha ngazi. Tulikuwa wanawake wawili na mgonjwa mbishi, na tulikuwa tumefika. Sijui ugonjwa wa mume wangu ulikuwa nini. Sijui kama mganga wa pale, na dawa alizonazo, angemfaa kitu. Pengine angemwandikia tu kwenda Kibiti, tungerudi pale pale pa kungoja maji. Najua hili moja: siku ile, kwa maji yale yale, angefika.